Bendi yetu ya usharika imealikwa Ujerumani, viti 8 watu 14, na mimi nimebeba siri ya mtu. Nifanyeje?

Besi_la_Marangu:

Bwana Yesu asifiwe wakuu, na wale wa imani nyingine humu nawasalimu pia.

Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili leo, kwa hiyo mkiona umekaa hovyo mnisamehe. Mimi napiga besi kwenye bendi ya sifa ya usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Kilimanjaro. Sio kwaya kuu ya wazee, sisi ni wale wa ibada ya pili, ile ambayo bibi zetu wanaiita ibada ya makelele. Tuko 14: dramu, besi, solo, kinanda, wapiga ngoma wawili na waimbaji wanane. Tulianza na gitaa la kuazima na spika iliyokuwa inakoroma kama mzee kalala, sasa hivi tunaitwa mpaka mikutano ya injili ya jimbo.

Usharika wetu una marafiki Ujerumani, jimbo la Saxony karibu na Leipzig. Urafiki wa siku nyingi, wanakuja wanalala kwa wazee wa kanisa, wanakula kiburu (ndizi na maharage), wanapiga picha na migomba, wanarudi kwao. Mwaka huu wametugeuzia kibao, wamesema sasa njooni nyie, bendi ije wiki tatu, mwanzoni mwa Oktoba iimbe kwenye sikukuu yao ya mavuno halafu izungukie sharika za jirani, nyumba za wazee na shule mbili tatu. Wao wanalipa malazi, chakula, usafiri wa huko huko na nusu ya tiketi. Nusu iliyobaki, pasi, viza na bima ni juu yetu. Na kwenye barua wameandika kabisa viti ni 8.

Hapo ndo kasheshe ilipoanza. Kamati ya safari ikakaa, mi hata sijui iliundwa lini, listi ikatoka ina mzee mwenyekiti, mama mchungaji, mhazini, na wanamuziki watano. Mpiga dramu katolewa na mimi nimetolewa. Tulipouliza tukajibiwa eti Wazungu wana dramu zao, na besi itapigwa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Hee! Kumbe miaka yote sita nilikuwa mkono wa kushoto wa mtu na sijui.

Hilo ningelimeza. Sasa juzi baada ya mazoezi tunakunja waya, mmoja wa wale watano akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye harudi. Akifika anazamia. Ana binamu yake Uholanzi, siku za mwisho atapanda treni huyoo. Kaniambia kwa sababu tumekua wote, tumepata kipaimara siku moja. Nikisema, watu watasema huyu ana wivu kwa kuwa kakatwa. Nisiposema ndo hivyo mnajua wenyewe.

Na maswali mengine ya kawaida: hela za sadaka huko zinagawanywaje, na ngoma zetu za ngozi zinaruhusiwa kusafiri nazo? Karibuni, wa matusi njooni inbox.


Kichwa_Ngumu:

Misheni ya muziki, lol. Mzee mwenyekiti, mama mchungaji na mhazini wanaimba sauti ya ngapi? Semeni tu mnaenda kutembea, Mungu hachukii watalii.


Mama_Sauti_ya_Pili:

Kichwa_Ngumu acha utani kidogo mwanangu ana shida.

Besi, mimi nimeimba kwaya zaidi ya miaka 25 na nimewahi kwenda huko, sio Leipzig, sisi tulikwenda kaskazini kwao. Tulikuwa 12. Nikuambie lililotukuta ili uamue mwenyewe.

Safari ilienda vizuri mpaka nilikuwa nasahau nyumbani. Tuliwekwa kwenye familia, wawili wawili. Mimi na mwenzangu tulikuwa kwa mama mmoja mjane, kila asubuhi anatuchemshia yai na kulifunika na kakofia kadogo ka kufuma lisipoe, mpaka leo nikiona yai namkumbuka. Siku ya kuondoka tukakutana kanisani saa 12 asubuhi tupande gari la kwenda uwanja wa ndege. Mwalimu wa kwaya ana pasi 12 mkononi, watu tuko 10. Tukasubiri. Baba wa familia walikolala wale vijana wawili akaja na gari lake mbio, kashika sare mbili za kitenge. Amezikuta juu ya vitanda, zimekunjwa vizuri, na vitanda vimetandikwa. Hawakuacha hata kikaratasi. Pasi walituachia, wenyewe hatuna.

Tulirudi kimya. Kwenye ndege hakuna aliyeimba, na wakati wa kwenda tuliimba mpaka wahudumu wakatuomba tupumzike.

Sasa sikiliza kilichofuata maana ndicho watu hawakioni. Kule kuna mtu alisaini dhamana ya kila mmoja wetu. Sio kanisa lililosaini, ni mzee mmoja mwalimu mstaafu, alitia saini kwa jina lake mwenyewe kwamba lolote likitokea gharama ni zake. Wale vijana wakaja kujiandikisha kuomba ukimbizi, na yule mzee akaanza kutumiwa bili. Mwalimu mstaafu! Aliyetualika kwa kuwa alipenda tulivyoimba! Mchungaji wao alimwandikia wetu barua ya heshima kabisa, hakutukana wala hakulalamika, ila tangu siku hiyo hakuna aliyealikwa tena. Vijana waliotufuata, waliokuwa hawajafanya kosa lolote, walipoomba viza walinyimwa wote.

Kwa hiyo usiniambie ni siri ya rafiki. Siri ya rafiki ni mimba na madeni. Hii ina wenyewe wengi.


Mbeba_Boksi_Dresden:

Mama umenitoa machozi hiyo ya yai, ni kweli wanavifunika hivyo.

Mimi niko huku Saxony mwaka wa 11 sasa, na nimewapokea watu wa namna hii mara kadhaa kama mkalimani, wacha niseme ninayoyajua.

Kwanza hiyo namba 8 isiwaumize vichwa, haina maana yoyote ya kiroho. Leseni ya kawaida ya gari huku inaruhusu dereva na abiria 8 tu. Usharika una ile basi ndogo ya viti tisa, mchungaji au mzee wa kanisa anaendesha, basi. Wakizidi inabidi watafute dereva mwenye leseni ya basi au magari mawili na madereva wawili kwa wiki tatu, na watu wenyewe wana kazi zao. Ningekuwa kamati ningewauliza wenyeji: je kuna mtu anaweza kutoa gari lake la pili? Mara nyingi jibu ni ndiyo, ila hakuna aliyewauliza. Sisi tunaona aibu kuomba, wao wanaona aibu kudhani tunahitaji.

Pili, hiyo dhamana anayoisema mama. Mwenyeji anaenda ofisi ya wageni ya wilaya yake na makaratasi ya mshahara au pensheni, analipa euro 29 kwa kila mgeni, anasaini. Hiyo saini inambana miaka 5. Miaka mitano mzee! Na sio tiketi ya kurudi tu, ni chakula, malazi, matibabu, yote ambayo serikali itatumia kwa huyo mtu. Wenzetu huku wanasaini kwa moyo mweupe kabisa na wengi wao ni wastaafu.

Tatu viza. Ni Schengen ya kawaida, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, euro 90 kwa mtu mzima, hairudishwi hata ukinyimwa. Bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba mpaka miezi 6 kabla ya safari, na mwisho kabisa siku 15 kabla, lakini msisubiri huko mwisho, anzeni mapema maana kupata tarehe ya miadi ni kazi. Kila mtu aende mwenyewe akatoe alama za vidole, hakuna cha mchungaji kupeleka pasi za watu kwenye bahasha. Na waambieni ukweli, mnaenda kuimba makanisani, barua ya mwaliko itaje tarehe na sehemu. Watu wanaandika utalii kwa kuogopa, halafu anaulizwa unaenda kutembelea nini anajibu kanisa. Mkinyimwa pia ujue ile njia ya zamani ya kuandika barua ya kupinga ubalozini walishaifuta tangu Julai 2025, unaomba upya au unaenda mahakamani Berlin.

Halafu mkiwa mmeomba viza kama kikundi, ofisa anaangalia kila mtu ana kitu gani cha kumrudisha nyumbani. Mwenye kazi, mwenye shamba, mwenye watoto. Kwa hiyo hata huyo rafiki yako hajapata viza bado, inawezekana haya yote tunapigana na kivuli.


Kichwa_Ngumu:

Tangu lini mtu anayetaka maisha akawa mwizi? Dogo anajitafutia. Hao Wajerumani walikuja huku bila viza wala dhamana ya mtu.


Mama_Sauti_ya_Pili:

Anayetaka maisha aende kwa jina lake mwenyewe. Asiende kwa jina la usharika na kwa saini ya babu wa watu.


Fundi_Mitambo_Kijenge:

Mi niwaachie hayo ya viza nijibu ya vyombo maana ndo kazi yangu.

Umeme wao ni volti 230 kama wa kwetu tu, kwa hiyo kinanda hakiungui. Shida ni plagi, pini zetu tatu za mraba hazingii kwenye soketi zao za duara. Nunueni adapta mbili nzuri na ekstensheni MOJA ya kwetu, mnachomeka adapta ukutani, vyombo vyote vinaingia kwenye ekstensheni yenu. Nimeona watu wamenunua adapta 14 za elfu tatu tatu zikaisha siku ya pili.

Msibebe spika wala mikisa. Bebeni gitaa, pedali kama mnazo, waya zenu za jeki, fimbo za dramu na basi. Makanisa ya huko mengi ni ya mawe, ya zamani, dari liko juu huko, ukipiga kofi moja mlio wake unakaa sekunde tatu nne. Mkipiga kama mnavyopiga kwenye mkutano wa injili uwanjani itakuwa uji. Fundi wao atawaambia punguzeni na mtamchukia, lakini yuko sahihi. Zima mwangwi wote kwenye mikisa, kanisa lenyewe ni mwangwi. Dramu tumia brashi au vile vifimbo vya kufungwa pamoja. Na hapa nisikufiche Besi, besi ndo inayoteseka kuliko vyote kwenye jengo la hivyo, inavuma mpaka maneno hayasikiki. Kwa hiyo mkono wa kushoto wa kinanda sio wazo la kijinga kama unavyoona, ingawa najua hawakulifikiria kwa sababu hiyo, walikuwa wanatafuta kiti cha mama mchungaji.

Ngoma sasa. Ngozi mbichi iliyoanikwa juani tu, hasa yenye manyoya, ni tatizo mipakani. Wamarekani nao ni wakali, maana mwaka 2006 kuna mtengeneza ngoma New York aliugua kimeta kutoka kwenye ngozi za mbuzi zilizotoka Afrika Magharibi. Ulaya nako mazao ya wanyama yana masharti yake, kwa hiyo wenyeji waulize forodha yao mapema, kwa maandishi. Na angalieni ngozi yenyewe ni ya nini! Ngoma ya ngozi ya kenge iacheni nyumbani kabisa, kenge analindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, bila kibali wanaichukua. Njia rahisi: beba kayamba na njuga, ngoma azima huko. Djembe, zile ngoma za Afrika Magharibi, Ujerumani zimejaa mpaka shule za msingi.

Kabla ya kutoka andikisha vyombo vyenu kwa forodha pale uwanjani, namba za gitaa na kinanda, upate karatasi. Ukirudi usije ukaulizwa ushuru wa gitaa lako mwenyewe.


Wa_Kisauni:

Salamu kutoka Mombasa wapendwa. Mimi niongee pesa, maana bendi yetu ilivunjika kwa pesa na sio kwa dhambi nyingine.

Tulienda nchi moja ya Ulaya, sitaitaja. Huko sadaka ya tamasha hupokewa mlangoni watu wakitoka, kuna kikapu, hakuna kupita na bakuli wala kuhesabiana mbele. Siku ya kwanza mwenyeji akampa kiongozi wetu bahasha. Siku ya pili bahasha. Hatukuuliza, tuliona ni utovu wa adabu kuuliza. Tukiwa tumerudi nyumbani kiongozi akasema zote zilienda kwa mafuta ya gari, na mwenyeji akaja kutuandikia kwa nia njema kabisa akitupongeza kwamba tulikusanya pesa nyingi kuliko walivyotarajia na anauliza kile kinanda kipya kinaendeleaje. Kinanda kipi?? Wacha. Mpiga solo hajanisalimia hadi leo kwa sababu mimi ndiye niliyesoma hiyo barua mbele ya watu.

Fanyeni hivi. Kabla hamjatoka mkubaliane kwa karatasi, pesa ni ya nini. Ya bendi, ya usharika, au ya mradi. Kila usiku watu wawili wahesabu, mmoja wenu mmoja wa wenyeji, waandike kwenye daftari, wasaini. Na posho ya mfukoni mpeane sawa, mwenyekiti na mpiga kayamba sawasawa. Kurudi mkiwa mmebeba euro 10,000 au zaidi taslimu lazima mtangaze forodhani mkitoka Ulaya, lakini afadhali itumwe benki kwa akaunti ya usharika, hakuna majaribu kwenye begi.


Mbeba_Boksi_Dresden:

Nimerudi kidogo niko breki.

Kichwa_Ngumu hapo kwenye bila viza umesema neno zito kuliko ulivyokusudia. Misheni ya Leipzig, chama cha wamisionari wa Kilutheri, ilifika Machame 1893, Mjerumani akiwa ndiye mtawala. Sasa njoo huku uone. Ukitoka makanisani, watu wengi wa Saxony hawana dini kabisa, sio kwamba wameasi, hawajawahi kuwa nayo, babu hakuwa nayo na baba hakuwa nayo, miaka 40 ya utawala wa kikomunisti ilifanya kazi yake. Jumapili kanisa la watu 600 lina watu 35 na wengi wana nywele nyeupe. Na ni mji huo huo wa Leipzig ambako Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki, alikuwa mwalimu wa muziki wa kanisa la Thomas kuanzia 1723 mpaka alipofariki 1750, na kanisa la Nikolai ndiko maandamano ya Jumatatu ya kupinga utawala wa kikomunisti yalikoanzia mwaka 1989 mpaka watu 70,000 wakajaa barabarani Oktoba 9. Kwa hiyo wenyeji wenu wanapowaita sio kwamba wanawafanyia hisani. Wanahitaji mtu wa kuwaambia bado kuna watu wanaimba. Hiyo ndo misheni, na mi huwa naiona kwenye nyuso za wale wazee kwenye nyumba za kulelea, ambao hawaelewi neno hata moja ila wanagonga meza kwa kidole.

Mambo ya kujiandaa nayo: ibada inachukua saa moja tu na inaanza dakika ile ile iliyoandikwa. Watakaa kimya mnapoimba. Msidhani hawajapenda. Nimeona bendi imekata tamaa katikati ya wimbo kwa kuwa hakuna aliyepiga makofi, kumbe watu wamejifuta machozi kimya kimya. Saa 4 usiku ni mwisho wa kelele, jirani anapiga simu polisi kweli. Chakula cha jioni ni mkate, jibini na soseji za baridi, hakuna kinachopikwa, kwa hiyo kuleni mchana mshibe msije mkalala mnaota ndizi.

Watawaomba orodha ya nyimbo mtakazopiga kwenye tamasha na aliyetunga kila moja, kwa sababu kuna chama cha haki za watunzi kinachodai ripoti. Hapo ndo mnaanza kutafutana, maana nusu ya nyimbo za sifa tunazoimba hatujui ni za nani. Anzeni kuuliza sasa hivi.

Na chagueni nyimbo mbili tatu kwenye kitabu chetu cha Kilutheri, tuni nyingi mle zimetoka huku huku. Mnaanza beti la kwanza kwa Kiswahili, mkifika la pili mtasikia kanisa zima linadakia kwa Kijerumani, hamtaamini.

Kuhusu sikukuu ya mavuno, huku wanapanga maboga, tufaha na mikate mbele ya madhabahu, wanaomba, kwisha. Hakuna mnada. Kwaya moja kutoka Tanzania ilishindwa kuvumilia, mwinjilisti wao akanyanyua boga moja akaanza kunadi kama nyumbani, euro tano, euro tano nani ataongeza, mimi natafsiri huku jasho linanitoka. Kimya. Nikasema tumekwisha. Babu mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono akasema kumi. Boga lile liliishia euro 50 na mwaka uliofuata walifanya mnada wenyewe.


Kichwa_Ngumu:

Boga euro 50. Mi naacha kazi naenda kunadi maboga.


Besi_la_Marangu:

Wakuu asanteni, nimesoma zote, nyingine nimezisoma mara tatu. Samahani kwa kupotea wiki mbili, narudi na majibu.

Sikwenda kwa mchungaji. Nilimfuata yeye mwenyewe kwanza, nikamsomea ile ya sare zilizokunjwa juu ya kitanda, nilimsomea kwenye simu tukiwa tumekaa kwenye ngazi za kanisa. Akacheka akasema alikuwa anatania. Nikamwambia sawa, lakini jina la anayekusainia nimeliuliza, ni yule bibi aliyekuja mwaka juzi akatufundisha kusuka zile nyota za karatasi za Krismasi, unamkumbuka? Akanyamaza. Hakuniaga, akaondoka.

Siku tatu hanisalimii. Ya nne nikasikia kaenda mwenyewe kwa mchungaji kuomba atolewe, kasema mama yake anaumwa na hawezi kumwacha. Mama yake nilimwona sokoni Jumamosi anabeba ndoo ya maparachichi kichwani, lakini sikusema kitu na sitasema.

Mbeba Boksi, tulimwandikia mwenyeji kuuliza gari la pili kama ulivyosema. Akajibu siku hiyo hiyo kwamba mwanawe ana gari la viti vitano lakini anaweza kuendesha wiki moja tu, kwa hiyo namba imebaki 8. Kiti kilichobaki wazi wamempa mpiga dramu, kwa masharti ajifunze brashi, yuko nyuma ya nyumba kila jioni anapiga ndoo. Mzee mwenyekiti bado yuko kwenye listi. Mama mchungaji kajitoa mwenyewe, kasema atasubiri ya mwakani, na kiti chake kapewa dada wa sauti ya kwanza ambaye tulikuwa tumemsahau kabisa na ndiye anayeimba kuliko wote. Kuhusu Basata (Baraza la Sanaa la Taifa) nimeambiwa tuulize kwa afisa utamaduni wilayani kama tunahitaji kibali cha kutoka, tunaenda Jumanne. Makubaliano ya hela tumeyaandika, mhazini hakufurahi ila kasaini.

Mimi siendi. Inauma, sitadanganya. Kwa sasa namfundisha mpiga kinanda mistari yangu ya besi kwa mkono wa kushoto. Ya kwanza na ya pili kazipata. Ya tatu inamshinda, kila akifika kwenye kile kipande cha kushuka mkono wa kulia nao unasimama.


Mbeba_Boksi_Dresden:

Mwambie aifanye polepole, kanisa lina mwangwi litamsaidia. Na waje na masweta, Oktoba huku sio ya Moshi.